Anti, nimepewa rufaa ya kolposkopi, je ndio kansa tayari?

Anti shikamoo. Naomba usiweke jina langu maana mji wetu huu mdogo na watu wananijua kwa biashara yangu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, niko mkoa wa Morogoro, nauza chakula stendi, mume wangu ni dereva wa malori anaenda Tunduma na kurudi, mara nyingine anavuka mpaka Zambia huko anakaa hata wiki tatu.

Iko hivi. Walikuja watu wa afya kwenye kituo chetu wakatangaza kwa spika kwamba kuna upimaji wa saratani ya mlango wa kizazi bure kwa akina mama, jirani yangu akanipitia akasema twende, nikamwachia binti wangu wa kazi masufuria tukaenda. Sina dalili yoyote Anti, sitokwi na damu ovyo, sina uchafu wenye harufu, tumbo haliumi, yaani nilienda kumsindikiza mwenzangu tu.

Tukapimwa ile ya siki, nesi anakupaka kwa pamba, anasubiri kidogo, anaangalia na taa. Jirani yangu akaambiwa kuna sehemu imekuwa nyeupe, wakamtibu palepale siku hiyohiyo kwa kale kamashine kanakochoma kwa joto, haikuchukua muda akatoka anatembea mwenyewe. Ikafika zamu yangu, nesi akaangalia, akamwita mwenzake, wakaangalia wote wawili wanaongea taratibu, mi miguu ikaanza kutetemeka. Akaniambia mama na wewe kuna weupe ila wako unaingia ndani hatuoni mwisho wake, hapa hatuwezi kukuchoma, tunakuandikia rufaa ukafanyiwe kolposkopi hospitali kubwa. Nikamuuliza ni kansa? Akasema siyo lazima iwe kansa, nenda tu usichelewe, basi akaita mwingine maana foleni ilikuwa ndefu sana.

Anti hiyo barua ya rufaa mpaka leo iko kwenye begi la nguo, sasa inaenda mwezi wa tatu. Naogopa. Najiuliza kwa nini mwenzangu ametibiwa palepale mimi nikaambiwa hawawezi, si maana yake yangu imeshaharibika? Nikaingia mtandaoni kusoma nikakuta wengine wanasema wanakukata nyama bila ganzi, nikazima simu. Wifi yangu, mkubwa kwa mume wangu, anasema nikienda hospitali kubwa watanitoa kizazi, kuna mtu wao alienda hivyohivyo na kizazi kikatolewa. Na mimi na mume wangu tulikuwa tunajipanga mtoto wa tatu. Halafu kuna mama mwingine hapa stendi anasema hizo mashine ni mpya wanatujaribishia sisi watu wa chini.

Mume wangu nilimwambia nusunusu kwenye simu, nikamwambia nimepimwa mlango wa kizazi kuna kitu wameona. Alinyamaza, halafu akasema hizo si ni kansa za wanawake wanaotembea ovyo? Anti niliumia sana. Mi tangu anioe sijui mwanaume mwingine, Mungu ananiona. Tangu siku hiyo hatujaongelea tena na yeye ndio mwenye hela ya nauli ya kueleweka.

Kuna dada wa saluni ananiuzia vidonge vya mitishamba vya kuweka ukeni, anasema vinavuta uchafu wote wa kizazi na hivyo vidonda vinakauka, pakti moja elfu 30, nimeshatumia pakti mbili na kweli natoka vitu kama nyamanyama vyeupe, yeye anasema ndio ugonjwa unatoka. Sasa sijui niendelee na hivyo kwanza nione au niende hiyo kolposkopi. Na je nikienda wakikuta ni kansa nitaambiwa palepale? Nina binti wa miaka 12, na yeye nifanyeje, maana nimesikia ukiwa nayo mama na mtoto anaipata.

Nisaidie Anti, usiku silali.

Mama wa wawili, Morogoro

ANTI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, pole ya moyoni kabisa. Kukaa na barua ya namna hiyo kwenye begi huku unapika na kuhudumia watu kila siku kana kwamba hakuna kitu, ni mzigo mzito. Nimesoma barua yako mara mbili na nataka nikujibu kwa kirefu kwa sababu najua kuna wengi wanaosoma hapa wana karatasi kama hiyohiyo wameificha mahali.

Nianze na kinachokunyima usingizi. Hujaambiwa una kansa. Nesi alikuambia ukweli na hakuwa anakufariji tu. Siki ile wanayopaka ni asidi ya asetiki, asilimia 3 mpaka 5, wanasubiri kama dakika moja, na pale ambapo chembe za mwili zimebadilika panageuka peupe. Lakini weupe huo hausemi ni mabadiliko ya kiasi gani. Unaweza kuwa ni uvimbe wa kawaida tu wa maambukizi, unaweza kuwa ni mabadiliko madogo ambayo mwili wenyewe utayamaliza, unaweza kuwa ni mabadiliko makubwa yanayotakiwa kutolewa kabla hayajawa kansa, na mara chache sana ndio inakuwa kansa yenyewe. Kwa macho na tochi nesi hawezi kukuambia iko wapi kati ya hizo, na ndio maana kuna hiyo kolposkopi, yaani kuangalia mlango wa kizazi kwa darubini.

Sasa kwa nini jirani yako kachomwa palepale na wewe hapana. Jibu analo nesi wako kwenye sentensi moja ambayo wewe kwa hofu uliipita haraka: weupe unaingia ndani hatuoni mwisho wake. Mlango wa kizazi una sehemu ya nje inayoonekana na una kitobo kinachoingia ndani kuelekea kwenye mfuko wa uzazi. Kale kamashine ka joto, na ile nyingine ya kugandisha kwa baridi, zote zinatibu sehemu ya nje tu, ncha yake inagusa pale inapofika basi. Kama eneo limeingia kwenye kile kitobo, ukichoma huku nje unakuwa umefunika huku ndani limebaki, na likibaki linaendelea kukua bila mtu kuliona. Kwa hiyo wale manesi wawili walifanya kazi yao vizuri sana kukataa kukuchoma. Wewe umepata rufaa kwa sababu ya mahali weupe ulipo na wala siyo kwa sababu ya ukali wake, wa jirani yako unaweza hata kuwa mkali kuliko wako ila uko sehemu inayofikika. Na isitoshe kadiri umri unavyosogea lile eneo ambalo mabadiliko haya hupenda kuanzia linapanda kuelekea ndani, ni maumbile tu, kwa hiyo mama wa miaka 39 kuambiwa hivyo siyo jambo la ajabu.

Hiyo mashine yenyewe nikuelezee ili usiende kama unaenda kwenye giza. Kolposkopu ni darubini yenye taa kali, imesimama kwenye stendi yake, na haiingii mwilini mwako. Inakaa nje, kwa umbali kidogo kati ya mapaja yako, daktari anaangalia kupitia lenzi au kwenye skrini, inakuza mara nyingi kuliko jicho. Kinachoingia ni kile chuma cha kufungulia ambacho ulishakijua siku ya siki. Utalala vilevile miguu juu. Watapaka siki tena, mara nyingi wanapaka na dawa ya ayodini ambayo ni ya kahawia, sehemu nzima inachukua rangi inakuwa kahawia iliyokolea na sehemu yenye mabadiliko inagoma inabaki ya njanonjano, hapo daktari anaona mipaka yake vizuri, anaona na mishipa midogo ya damu imekaaje, maana mishipa ikikaa vibaya nayo ni ishara. Yote hiyo ni kama dakika 10 mpaka 20. Siki inaweza kuwasha kidogo. Ukivaa chupi baadaye ukaona rangi ya kahawia ni ayodini, usishtuke.

Na yule mama wa stendi anayesema mnajaribishiwa, mwambie kwa heshima kwamba darubini hii ilianza Hamburg huko Ujerumani mwaka 1925, aliitengeneza daktari anaitwa Hans Hinselmann, ina miaka 100 sasa na wanawake wa Ulaya wenye hela zao wanapimwa nayo kila siku. Tatizo letu ni kwamba mashine zenyewe ni chache na madaktari waliofundishwa kuzisoma ni wachache, ndio maana inabidi ufunge safari.

Kuhusu kukatwa nyama, sitakuficha. Daktari akiona sehemu ya kutilia shaka atachukua kinyama kidogo sana, kama punje ya mchele, kwa koleo nyembamba, kinapelekwa maabara. Mara nyingi hawachomi ganzi kwa hicho kinyama kwa sababu mlango wa kizazi hauna hisia za maumivu kama ngozi ya nje, wengi wanasikia kama kufinywa au kama tumbo la hedhi linalopita, wengine wanasikia zaidi. Wewe mwambie daktari kabla hajaanza, daktari naogopa maumivu, muulize kama unaweza kunywa dawa ya maumivu nusu saa au saa moja kabla, na una haki ya kusema simama kidogo. Na kwa kuwa kwako weupe unaingia ndani anaweza kukwangua kidogo ndani ya kitobo pia, hapo tumbo linakaza kidogo halafu linaachia. Wakimaliza wanapaka dawa ya kuzuia damu na hiyo dawa ikitoka inakuwa nyeusi kama makapi ya kahawa, nakuambia mapema kwa sababu wanawake wengi wakiiona wanadhani wameoza. Matone ya damu siku chache ni kawaida. Ukilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, ukipata homa au uchafu unaonuka, rudi hospitali usisubiri. Tendo la ndoa acha kama wiki moja hivi mpaka damu ikatike.

Umeuliza kama utaambiwa palepale. Kwa macho daktari anaweza kukuambia anachoona, lakini jibu lenyewe ni la maabara, na hapa kwetu linaweza kuchukua wiki kadhaa. Hapa ndipo akina mama wengi wanapopotea, wanapimwa, wanarudi nyumbani, simu waliyoacha imebadilika au ni ya mume yuko safarini, majibu yanakaa kwenye faili. Acha namba yako mwenyewe na ya mtu mmoja unayemwamini, uliza tarehe ya majibu na jina la kliniki, na tarehe ikifika hata kama hawajapiga wewe nenda au piga.

Majibu yakija, kama kuna mabadiliko ya kabla ya kansa, utakuta wameandika CIN 1, CIN 2 au CIN 3, ndio vipimo vya ukubwa wa mabadiliko hayo. Tafadhali shika hili kwa mikono miwili: hizo namba siyo stage za kansa. Kuna watu wanaambiwa CIN 3 wanaaga familia wakidhani ni kansa ya stage ya tatu. CIN 3 ni mabadiliko makubwa ambayo BADO siyo kansa. CIN 1 mara nyingi mwili unaimaliza wenyewe, watakufuatilia tu. CIN 2 na 3 ndio wanatibu, na kwa mtu kama wewe ambaye weupe umeingia ndani mara nyingi wanatumia lipu, ni kawaya kembamba ka umeme kanakotoa lile eneo lililobadilika, hapo wanakuchoma ganzi, na mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kinachotolewa kinapelekwa tena maabara kuhakikisha kingo zake ni safi. Baada ya lipu unapumzika tendo la ndoa kama wiki 4 mpaka 6, majimaji yatatoka kwa muda, usiweke kitu chochote ukeni.

Kwa hiyo kizazi. Wifi yako naamini anakupenda na sisemi anadanganya, huenda kweli kuna ndugu yao alitolewa kizazi, lakini uliza alienda lini, alienda akiwa hana dalili kama wewe au alienda damu zinamwagika? Kizazi kinatolewa pale kansa imeshaingia na bado iko mwanzoni, au pakiwa na sababu nyingine maalumu. Mabadiliko ya kabla ya kansa hayahitaji kizazi kutolewa kwa mtu anayetaka mtoto. Lipu inatoa kipande cha mlango, mfuko unabaki palepale, mayai yanabaki palepale, wanawake wanabeba mimba na kuzaa baada ya hapo. Kitu kimoja tu, mlango uliotolewa kipande kikubwa unaweza kuongeza kidogo uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya muda, kwa hiyo mwambie daktari mwanzoni kabisa kwamba bado mnatafuta mtoto ili asitoe zaidi ya kinachotakiwa, na ukishika mimba waambie kliniki siku ya kwanza. Kinachokuhatarishia huyo mtoto wa tatu ni hiyo barua kuendelea kukaa kwenye begi. Na kama kuna uwezekano umeshashika mimba sasa hivi sema, kolposkopi inafanyika kwa mjamzito bila shida ila kinyama hawachukui mpaka kuwe na sababu nzito.

Sasa hivyo vidonge vya saluni. Mdogo wangu nakuomba acha leo. Hivyo vinavyotoka kama nyamanyama ni utando wa uke wako wenyewe umeunguzwa na hiyo dawa pamoja na mabaki ya dawa yenyewe, ugonjwa hautoki hivyo. Mabadiliko unayoambiwa yako ndani ya chembe za mlango wa kizazi, hakuna kitu cha kuvuta. Na hasara yake ya pili ni kwamba ukienda umechubuka hivyo daktari hataona vizuri, weupe wa michubuko utachanganyika na weupe anaoutafuta. Ungekaa bila kuweka chochote angalau siku mbili kabla ya kipimo, bila tendo, bila kujisafisha ndani kwa maji wala sabuni, na usiende ukiwa kwenye siku zako. Kwa wewe uliyetumia pakti mbili, mwambie daktari wazi, hatakugombeza, na akikugombeza vumilia mpaka umalize kupimwa. Mimi nina hasira na hii biashara, nasema wazi, kwa sababu elfu 60 yako imeondoka na muda wako umeondoka nayo.

Muda una maana gani hapa? Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili safari kutoka maambukizi ya kirusi mpaka kansa kwa kawaida inachukua miaka 15 mpaka 20. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kuwa miaka 5 mpaka 10. Kwa hiyo miezi uliyokaa haijaharibu kila kitu, usijilaumu. Lakini hakuna anayejua kwako hiyo safari ilianza lini, na hiyo ndio sababu nesi alikuambia usichelewe. Kama hujapima VVU karibuni pima, kwa sababu mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kansa hii kama mara 6 zaidi na ratiba yake ya kupimwa ni tofauti.

Nije kwa mume wako. Aliyokuambia yanauma na ulistahili maneno mengine. Lakini nadhani na yeye aliogopa, na kwa sababu huwa tunaisikia hii kansa ikisemwa hivyo mitaani akatoa alichokisikia. Ukweli uko hivi. Kansa hii karibu yote inatokana na kirusi kinaitwa HPV, aina ya 16 na ya 18 peke yake zinasababisha kama asilimia 70. Kinapita kwa ngono ndio, kwa kugusana ngozi, hata kondomu inapunguza lakini haizuii kabisa. Na karibu kila mtu aliyewahi kufanya mapenzi anakutana nacho wakati fulani maishani, hata aliye na mwenza mmoja tu. Wengi mwili unakifukuza ndani ya mwaka mmoja au miwili bila kujua. Wachache kinabaki kimenyamaza miaka na miaka. Kwa hiyo hakuna daktari wala mashine inayoweza kusema kililetwa na nani wala mwaka gani, kinaweza kuwa kilikuwepo kwa yeye au kwa wewe kabla hamjaoana. Hiki kipimo hakiwezi kuwa ushahidi wa uaminifu wa mtu, wako wala wake.

Akirudi safari, mpe siku moja apumzike, halafu mwonyeshe hiyo barua kwa mikono yako. Usimwambie nusunusu kama kwenye simu. Mwambie hivi kwa mfano: baba fulani, nimepimwa, kuna mabadiliko ambayo yakitibiwa sasa hayatakuwa kansa, nataka mtoto wetu wa tatu nimzae salama, naomba tuende wote. Kama anaweza aende na wewe, amsikie daktari kwa masikio yake, maana ikifika ile ya kukaa wiki 4 mpaka 6 bila tendo inabidi awe anaelewa, na isije ikawa ugomvi mwingine. Lakini pia nakuambia hili kama dada yako mkubwa: kama atakataa, au safari yake ikarefuka, usimsubiri. Wewe ni mtu mzima, huhitaji saini ya mume kupimwa mwili wako. Una biashara yako, kuna mchezo unacheza na wenzako bila shaka, omba upokee zamu yako mapema, au mkope jirani yako huyohuyo mliyekwenda naye. Gharama ya kolposkopi na ya maabara zinatofautiana hospitali na hospitali, kwa hiyo uliza mapema kabla ya kupanda gari, kama una bima beba kadi, na kama kweli hela haitoshi ulizia ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali, wapo kwa ajili hiyo, usirudi nyumbani kimyakimya.

Ikitokea majibu yakawa kansa, maana umeniuliza na siwezi kuruka. Kwa mtu ambaye hana dalili na kaonekana kwenye uchunguzi, mara nyingi inakuwa bado iko mwanzoni, na mwanzoni inatibika na kupona, kwa upasuaji, au kwa mionzi pamoja na dawa. Taasisi ya Saratani Ocean Road pale Dar es Salaam na Bugando kule Mwanza wanatibu akina mama wa aina hiyo kila wiki. Wanaokufa wengi ni wale waliofika wakiwa wameshatokwa damu miezi na figo zimeanza kuziba. Dunia nzima mwaka 2022 walifariki akina mama kama 350,000 kwa kansa hii, na wengi mno ni wa nchi kama zetu, na kinachoniuma ni kwamba ni kansa yenye dalili za kabla zinazoonekana kwa siki ya bei rahisi.

Kwa wengine mnaosoma ambao hamjawahi kupimwa kabisa, msianze kutafuta kolposkopi, siyo kipimo cha kuanzia kwa mtu asiye na tatizo. Anza na siki au kipimo cha HPV au pap smia (wanakwangua chembe kidogo za mlango wa kizazi zinaangaliwa maabara), chochote kilichopo karibu yako, kuanzia miaka 30, na kama unaishi na VVU kuanzia 25. Kipimo cha HPV sehemu zilizo nacho unaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe. Kolposkopi ni kwa yule ambaye kipimo cha kwanza kimeonyesha kitu kisichoweza kutibiwa palepale. Lakini kama unatokwa na damu baada ya tendo, au katikati ya mwezi, au umeshakoma hedhi na damu imerudi, wewe usisubiri kampeni wala spika, nenda moja kwa moja kwa daktari akuangalie.

Na jirani yako aliyechomwa mwambie hajamaliza. Anatakiwa arudi kupimwa baada ya mwaka mmoja, wengi wanasahau kwa sababu walitoka wanatembea wenyewe.

Binti yako. Hairithi kansa hii kutoka kwako kwa jinsi unavyofikiria, ni ya kirusi siyo ya ukoo. Na yeye ana bahati ambayo mimi na wewe hatukuwa nayo. Tanzania ilianza chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa mabinti wa miaka 14, na mwaka 2024 walihamia dozi moja tu wakachanja mabinti wa miaka 9 mpaka 14. Ana miaka 12, yuko katikati kabisa. Hayo maneno kwamba inaua kizazi usiyasikilize, chanjo hii inatumika duniani tangu 2006 na waliochanjwa wanazaa. Uliza shuleni kwao au hapohapo kituo cha afya.

Barua ikiwa imechakaa au tarehe imepita usiogope, rudi kituoni kwa nesi yuleyule akuandikie nyingine, na mwambie aandike kwa maneno yake kile alichokiona, kwamba weupe unaingia kwenye kitobo na mwisho wake hauonekani, ili daktari wa kule asianze upya. Nenda na nguo ya kujifunga au gauni pana, pedi, na mtu wa kurudi naye. Hesabu siku zako za hedhi leo, chagua tarehe, na hiyo siku mwache binti wa kazi auze chai na maandazi tu.